Kiatu cha Kushoto

Baba yangu alifundisha nusu ya mji wetu kuendesha gari, lakini mke wake mwenyewe alikwenda kazini kwa miguu. Watu walicheka, wakasema kinyozi hajinyoi. Baba aliwajibu kwamba wao hawakuwemo garini siku ile.

Mimi nilikuwemo, kiti cha nyuma, nikiwa na miaka sita. Mama alishika usukani kutoka getini kwetu hadi duka la kona, umbali wa kumwita mtu akaitika, na Baba akakanyaga breki mara kumi na saba. Nilihesabu. Kabla hajafikisha ya kumi na nane Mama alizima gari, akafungua mlango, akarudi nyumbani na mkoba wake begani. Siku tatu nzima walizungumza kupitia kwangu. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako nimesikia." Bibi, mama yake Baba, ambaye tuliishi naye, ndiye aliyenibandika jina la Redio, kwa sababu nilifikisha kila ujumbe na kuongezea matangazo yangu mwenyewe.

Gari letu ndilo lililokuwa shule. Upande wa abiria, chini, kulikuwa na pedeli mbili za mwalimu, breki na klachi, zilizounganishwa na zile za dereva. Baba alishinda amekaa hapo, viatu vyake vyeusi vya kamba vinang'aa, miguu imekaa tayari. Viatu vile hakuvivua ovyo. Alikuwa na mtindo wake ambao mji mzima uliujua: mwanafunzi akishaiva, Baba anainama, anafungua kamba, anavua viatu vyote viwili, kisha anakunja miguu juu ya kiti. Maana yake, gari ni lako, mimi sasa ni mzigo kama mizigo mingine. Nimeona watu wazima wakishuka mle machozi yakiwalengalenga. Mtaani kwetu mtu hakusema amehitimu udereva. Alisema, "Mwalimu kanivulia viatu."

Mji ulikuwa na shule nyingine moja, ya mzee mwenye miwani minene aliyeitwa Profesa. Yeye aliwazoesha wanafunzi wake kugonga kichwa cha gia mara mbili kwa kidole kabla ya kuwasha gari na kabla ya kulizima, ili wakumbuke kuangalia kwamba gia haijaingia. Jambo hilo lilimkera Baba kuliko mbu. "Wanabisha hodi kwenye gia! Nani atawakaribisha?" Alisema hivyo kila tulipopishana nao, na kila mara alicheka peke yake.

Sasa pata picha. Nina miaka tisa, natoka shule, naliona gari la Profesa limesimama kando ya barabara, na anayebisha hodi ndani yake ni mama yangu mzazi.

Jioni ile alinivutia chumbani, akafunga mlango. Mama alikuwa nesi. Alikuwa amechaguliwa kusimamia kliniki ya kutembea, gari moja na dawa zake kwenda vijiji visivyo na zahanati, kazi aliyoitamani tangu kabla sijazaliwa. Msimamizi alitakiwa awe na leseni. Mtihani ulikuwa baada ya wiki tatu, Jumatatu, siku moja baada ya kumalizika likizo ya Baba.

"Nikifaulu nitamwambia mwenyewe," alisema. "Akijua sasa atataka kunifundisha yeye. Na akinifundisha yeye, mwanangu, nitafeli. Namjua, na najijua. Unaweza kunyamaza wiki tatu?"

Niliapa. Sijui kwa nini watu wanapenda siri. Ile yangu ilinikaa tumboni kama chakula kisichosagika, na kila Baba aliponiuliza "Habari za leo, Redio?" nilikimbilia chooni.

Likizo ilipofika tukaenda baharini. Bibi alikuwa akisema kila mwaka kwamba anataka kuloweka miguu yake kwenye bahari isiyo na watu, kabla miguu yenyewe haijamgomea, na mwaka ule Baba aliamua hataki kuusikia wimbo huo tena. Kibao cha shule kilishushwa juu ya paa kikawekwa kwenye buti. Mama alikaa mbele, upande wa pedeli za mwalimu. Bibi na mimi tulikaa nyuma, tumetenganishwa na kikapu cha chakula ambacho kila mmoja alimshuku mwenzake nacho.

Nilifurahi safari ile kuliko nilivyojua namna ya kusema. Lami iliisha siku ya kwanza kabla ya mchana, na baada ya hapo ilikuwa barabara ya mchanga mgumu, bahari upande mmoja, vichaka vilivyolazwa na upepo upande wa pili, na sisi tu. Tulipita saa nzima bila kuona mtu. Tulipita mashamba ya chumvi yaliyoachwa, vibanda vyake havina milango, na Baba akaturuhusu tushuke tulambe ukuta. Bibi alilamba pia, akasema umezidi chumvi. Tulikuta kituo cha mafuta chenye pampu moja na mhudumu aliyelala juu ya benchi, kofia usoni. Baba alimwamsha kwa adabu, na yeye akatushukuru kwa kuja, kana kwamba alikuwa ametualika.

Matatizo yalianzia kwenye kilima baada ya kituo kile. Baba alibadilisha gia, na injini ikanguruma kama mtu aliyekanyagwa. Alikunja uso. Akabadilisha tena, ikanguruma tena.

"Mmesikia hiyo?" aliuliza. "Klachi inateleza."

Mimi nilikuwa nimeona. Kila mkono wa Baba ulipokwenda kwenye gia, mguu wa Mama ulishuka wenyewe juu ya klachi ya mwalimu, ukakaa pale sekunde moja zaidi ya ilivyotakiwa. Wiki tatu za Profesa zilikuwa zimemwingia hadi kwenye unyayo. Mama alipojishtukia aliugeuza uso dirishani, akaanza kuitazama bahari kwa bidii kubwa.

Baba alisimamisha gari mara tatu. Alifungua boneti. Alilala chini ya gari na shati lake jeupe, tukabaki tunaiona miguu tu, na viatu vinavyong'aa. Mimi niliuma pindo la gauni langu mpaka likalowa.

"Kuna nini, Redio?" Bibi aliniuliza. "Leo umezimwa?"

"Tumbo," nikasema.

"Hilo tumbo lako lina habari," alisema Bibi, akafunga macho.

Baba alikaza waya mmoja, akajifuta mikono. Mama akavua kandambili, akakunja miguu juu ya kiti akidai inamvimba, na toka hapo klachi ikapona kabisa. "Mnaona?" alisema Baba, amejaa fahari. "Fundi mwingine angewaambia mnunue mpya." Mama alikohoa kikohozi kirefu. Nilimhurumia Baba kidogo, halafu nikacheka ndani ya kikapu.

Tulilala usiku wa pili kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinne na mgeni hakuna. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vitatu, ndoo ya maji, na dirisha lililoshikiliwa wazi na kijiti. Mama mwenye nyumba, mwanamke mpana aliyezungumza huku akifagia, alituambia kuhusu kijisiwa kilichokuwa mbele yetu. Maji yakipwa, ulimi wa mchanga hujitokeza kuanzia ufukweni hadi kule, kama kilomita moja, na gari linapita. Upande wa pili hakuna hata mtu.

"Vukeni saa nne," alisema. "Ila saa tisa muwe mmesharudi. Baada ya hapo ile njia ni ya samaki, na hata pale mtakapoegesha gari panafunikwa. Mtu atapona juu ya mawe. Gari haliwezi kupanda mawe."

"Saa nane tutakuwa hapa," alisema Baba, ambaye hakuwahi kuchelewa popote.

Jumamosi saa nne tulivuka. Bibi aliketi kwenye kiti kidogo cha kukunja, maji yakamfika kwenye mashavu ya miguu, akatulia kimya muda mrefu hadi nikaogopa. Nilipomchungulia alikuwa anatabasamu, macho kafumba. "Niache," alisema. "Naongea na miguu yangu." Mama na mimi tulikusanya makombe, tukafukuza kaa wadogo waliotembea kwa ubavu, tukala mayai ya kuchemsha yaliyoingia mchanga. Baba peke yake ndiye aliyetembea ufukweni na viatu vyake vya kamba, mikono nyuma, kama mkaguzi wa bahari.

Saa saba na nusu upepo ulichukua mtandio wa Bibi ukautupa kwenye mawe yenye mwani. Baba akaufuata.

"Vua viatu, utateleza," Mama alimwambia.

"Mimi?" alisema Baba, na hilo ndilo neno la mwisho alilosema akiwa amesimama.

Mguu wa kulia ulikuwa umeteguka vibaya. Mama alimvua kiatu, akaupapasa mfupa, akasema haujavunjika, akaufunga bandeji kutoka kwenye kisanduku chake cha huduma ya kwanza. Mguu ulikuwa umeshavimba, kiatu hakikurudi. Tulimkokota hadi garini, yeye kamwegemea Mama upande mmoja, upande wa pili kaniegemea mimi, na ilituchukua muda ambao hatukuwa nao. Bibi alifuata nyuma na kiti chake na kiatu cha mwanawe. Tulipofika ilikuwa saa nane na nusu imepita. Katikati ya ulimi wa mchanga, maji ya kulia na maji ya kushoto yalikuwa yameanza kugusana.

Baba akaketi nyuma ya usukani. Hatukubishana naye, alikuwa ndiye dereva. Alikanyaga mafuta kwa mguu wa kulia, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Akajaribu na wa kushoto. Gari likaruka kama chura, likazimika. Akaliwasha, likaruka, likazimika. Mara ya tatu alikaa tu, jasho linamtiririka, anatazama maji.

Simu hazikuwa na mtandao. Bibi hakuweza kutembea kilomita moja kwenye mchanga, wala Baba. Wote tulijua kwamba sisi tungepanda mawe tukapona, na kwamba gari lile, ambalo ndilo shule na ndilo kila kitu, lingebaki pale chini.

Siri ilinipanda mpaka kooni. Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimeapa, na mtihani ulikuwa keshokutwa, na Baba alikuwa na sura ya mtu ambaye akiambiwa jambo moja zaidi atavunjika. Mama aligeuka akaniona nilivyojiziba. Alinitazama kidogo tu. Halafu akashuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa dereva.

"Hamia upande ule," alimwambia Baba.

"Mama Redio, huu si wakati wa kujaribu."

"Sijaribu. Hamia."

Baba alihamia, nadhani kwa mshangao. Mama aliketi, akakisogeza kiti mbele, akarekebisha vioo kimoja kimoja, akafunga mkanda. Kisha kidole chake, bila yeye kukituma, kikagonga kichwa cha gia mara mbili.

Nilisikia Baba anavuta pumzi. Nilitamani kushuka nikaishi na kaa.

Mama aliwasha gari, akaliondoa taratibu, tukashuka kwenye ulimi wa mchanga. Mwanzo ulikuwa mkavu. Kisha tukasikia maji yanachapa chini ya gari, mchanga ukalainika, na usukani ukaanza kucheza mikononi mwake. Alishikilia mwendo uleule, haongezi, hapunguzi.

Mimi sikuwa naangalia maji. Kutoka nyuma, kati ya viti viwili, nilikuwa naangalia kiatu cha kushoto cha Baba. Kilikuwa juu ya breki ya mwalimu, hakijaigusa, kinatetemeka. Nilikijua kiatu kile. Baba alielewa kuliko mtu yeyote kwamba gari likisimamishwa kwenye mchanga wa maji haliondoki tena, alilifundisha jambo hilo kila mwezi. Lakini mguu hauendi shule. Mguu ule ulikuwa umekanyaga breki mara kumi na saba kati ya getini kwetu na duka la kona.

Wimbi dogo lilikuja likapiga mlango wa upande wangu. Nyuma ya gari ikateleza kidogo. "Bre..." alisema Baba, na akalimeza lililobaki. Kiatu kilishuka hadi ngozi yake ikagusa pedeli. Mama hakugeuka. Aliona, najua aliona, kwa sababu midomo yake ilikaza, lakini aliendelea kutazama mbele na kuendesha.

Ndipo Baba alipoinama. Nilidhani mguu mbovu unamuuma. Alifungua kamba ya kiatu cha kushoto, taratibu, akaifungua yote kama afanyavyo siku zote, akakivua kiatu, akakishika mapajani. Kisha akaunyanyua mguu ule, akaukunja juu ya kiti.

"Huo nao umeteguka?" aliuliza Bibi.

"Hapana, Mama," alisema Baba. "Huo ni mzima."

Machozi yalinitoka, nikawa siwezi kuona tena maji wala mchanga. Nilijua tu kwamba tunakwenda, kwamba injini inaimba sauti ileile moja, kisha kwamba magurudumu yamepanda mahali pagumu na tumeanza kuruka kwenye mashimo ya barabara. Mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa amesimama ufukweni na ufagio wake, anatupungia kama aliyeshinda mashindano.

Mama alisimamisha gari mbele ya nyumba. Akavuta breki ya mkono. Kabla ya kuzima alifanya alivyofundishwa. Aligonga gia mara mbili.

"Karibu," alisema Baba.

Mama aliangua kicheko, kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Baba naye alicheka, kiatu mapajani, halafu akajifuta macho kwa mkono wa shati akisingizia chumvi.

"Kumbe klachi yangu ilikuwa nzima," alisema.

"Ilikuwa nzima," alisema Mama. "Nisamehe."

"Nilikulaza njaa ya usukani miaka mitatu, ukaenda kula kwa jirani. Nani wa kumsamehe mwenzake?" Iliuma, niliona ilivyouma, na sikumlaumu. "Mtihani lini?"

"Jumatatu, saa tatu. Nikifaulu, kliniki ya kutembea ni yangu."

"Nitakupeleka."

"Kwa mguu upi?" aliuliza Bibi.

Baba alitazama mguu wenye bandeji, akatazama ule usio na kiatu. "Basi atanipeleka yeye," alisema. "Na kuanzia hapa mpaka nyumbani ataendesha yeye, tumalizie mazoezi. Mwendo wake mzuri. Kioo cha kushoto hakitazami vya kutosha, hilo nitamwambia Profesa mwenyewe."

Alinituma kwenye buti. Nilikitoa kibao cha shule, nikapanda juu ya tairi, nikakifunga mwenyewe juu ya paa. Nilipoingia, Mama alinigeukia.

"Haya, Redio," alisema. "Umefunguliwa."

Nilikuwa na wiki tatu za habari. Nilianza na siku nilipomwona garini mwa Profesa, nikaenda hadi kwenye klachi na shati jeupe chini ya gari, nikatia chumvi pale palipohitaji, na Bibi akaomba nirudie mara mbili. Baba alisikiliza yote, miguu yake mitupu juu ya kiti, mmoja na bandeji, mwingine bila. Breki hakuigusa siku ile, wala siku iliyofuata, na kiatu cha kushoto hakukivaa mpaka tulipofika getini kwetu na Mama akazima gari.